Bati la Wageni wa Nyotani

Mkunazini,
Unguja.
14 Machi, 1957

Mpendwa dada yangu Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji Matar. Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku afya tunayo, alhamdulillahi, ila mimi nduguyo uso sina.

Paa lilivuja kwenye chumba cha marehemu mama, nshaliziba. Mke wangu Wanu anakusalimu sana.

Sasa soma taratibu wala usicheke. Mwezi wa Desemba chombo kilianguka kutoka juu, kikakwama mwambani kule Chukwani. Si ndege ya Wazungu, dada. Ni chombo cha watu wa huko kwenye nyota, watatu, nao walikuwa mikokoni wamejificha jua, wakingoja chombo kipoe. Unajua desturi yetu, kilichotupwa pwani ni cha aliyekiokota. Hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi. Watu wakabandua bati la ubavuni, wakaniletea dukani. Na mimi kwa tamaa ya bati jepesi lisiloshika masizi, nikalifua masinia, nikayauza mji mzima.

Wenyewe walipotoka mikokoni walikuta chombo kiko wazi. Hewa yetu inawachoma vifua, na nafuu yao ni humo ndani kikishafungwa. Wamelala bandani kwa Pandu, mkulima wa hapo Chukwani, na mmoja wao hainuki tena. Wanu huenda kumfunika kanga za maji. Mimi hubaki mlangoni, simtazami.

Mkubwa wao ni mwanamke, nasi twamwita Bi Mgeni. Kiswahili ameshakishika. Siku ya kwanza nilitegemea matusi, lakini aliniambia tu, "Karibu ndani, fundi. Utusamehe, hatuna cha kukupa." Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Nshamvunjia nyumba, naye ananikaribisha.

Tangu hapo nazunguka vichochoroni kuomba masinia yangu. Darajani wamenibandika jina, Silima Nikupe-Nikupokonye. Wengine hunifungia mlango mpaka nirudi tena na tena. Bi Mgeni na mwenzake hujikokota hadi mwambani maji yakitoka, wakaliwekea sinia mikono, nalo likajinyoosha na kushika mahali pake. Ubavu umeshaziba, limebaki tundu moja tu.

Tundu hilo, dada, ni la sinia nililompa mwanao Mwanaasha siku ya harusi yake.

Najua nnachokuomba. Mjomba hadai zawadi ya harusi, tena mbele ya wakwe wanaokula wali wa Ijumaa katika sinia hilo hilo. Watauliza mtoto huyu katoka kwa watu gani. Waambie mjomba wake ni mwizi, si uongo, na yeye hana kosa. Jirani yetu Usi, anayekuletea barua hii, amechukua sinia jingine la shaba nililolifua kwa ajili ya Mwanaasha. Mpe Usi lile la bati arudi nalo kwa meli ya kwanza.

Nisalimie wote nyumbani, na Bi Sichana jirani yako. Mwanaasha mwambie namwombea kwa Mungu nyumba yenye heri na wakwe wasiomsimanga.

Jana yule mgonjwa aliniuliza sinia la mwisho liko wapi. Nikamwambia liko kwa bibi harusi. Akasema, "Basi mwachieni." Hajui kama nakuandikia. Dada, usimsikilize.

Nduguyo akupendaye,
Silima