Msokoto wa Kiunoni

4 Machi

Kwa binti yangu, Bi Maswali,

Habari za baridi ya huko ughaibuni, na hizo mashine zako zinakutii? Sisi wazima, na nikisema sisi ni mimi na cherehani ya mama yako. Ulimi haujazoea.

Leo ni wiki ya saba tangu tumzike. Uliandika kwamba jaribio lako liko katikati na haliwezi kuachwa. Sikuuliza zaidi. Naenda kibandani, napiga soli viatu vya watu, narudi, nakula nimesimama. Sisikii njaa wala shibe.

Nakutumia sketi ya buluu aliyokuwa akikushonea mama yako. Utakuja lini?

Baba yako

29 Machi

Baba, shikamoo.

Natumai mgongo umepoa. Mimi sijambo, na hilo ndilo linalonitisha. Sijalia hata siku moja. Naamka, nawasha leza, naandika namba.

Sketi imefika, nimeivaa maabara. Mpira wa kiunoni umejipinda msokoto mmoja ndani ya pindo. Nimeuvuta, nimeunyoosha, nimeifua. Nikiuondoa mgongoni unatokea ubavuni. Mwaka juzi uliniuliza nafanya kazi gani nikashindwa kukueleza. Basi kazi yangu ndiyo hiyo. Tunapoza atomu mpaka karibu zisimame, kisha tunazitikisa kwa mwanga wa leza bila kuzipa nafasi ya kutulia. Katika vurugu hiyo karibu kila kitu hubadilika. Lakini zina msokoto wa aina yake, na tunauhesabu. Wenyewe tunaita topolojia: kile ambacho kuvuta na kukunja hakukiondoi, mpaka ukate. Tunataka kujua kama msokoto unabaki hata atomu zikiwa mbali kabisa na utulivu. Hadi sasa unabaki.

Mama hakuwahi kukosea mpira. Najua mikono ilikuwa imechoka. Nimeliacha kosa lake kama lilivyo, maana ndicho kitu cha mwisho alichonifanyia. Nilitaka kukililia, machozi hayakuja.

Kuja bado. Zamu yangu inaisha mwisho wa Juni.

Mwanao

17 Mei

Binti yangu,

U mzima? Mgongo haujapoa, na miguu ya watu haiishi kutoboa viatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana karatasi. Mficha uchi hazai, basi wangu huu hapa.

Mama yako hakukosea. Sketi aliiacha bila kiuno. Siku ya tatu baada ya mazishi niliketi kwenye cherehani yake, mimi mpiga soli, nikapitisha mpira kwa pini kama nilivyokuwa nikimwona. Ulipotokea upande wa pili niliunga ncha kwa mkono bila kutazama umelalaje, nikafunga pindo. Nilitaka upate kitu kilichokamilika. Ukifumua utauona uzi wenyewe, wa viatu, uliotiwa nta. Unahesabu misokoto ya vitu visivyoonekana, lakini mkono wa baba yako hukuutambua.

Sasa nimekunyang'anya kitu chako cha mwisho cha mama. Nisamehe. Ukija nitakushonea upya, au tutampa fundi anayejua.

Baba yako

30 Mei

Baba, shikamoo.

Nimefumua pindo upana wa vidole viwili, nikauona uzi wako mweusi. Nikakuona na wewe, umeinama kwenye cherehani ya mama na mikono yako ile mikubwa, ukitafuta tundu la sindano. Niliketi sakafuni katikati ya mashine, nikalia mpaka mwenzangu wa zamu akazima leza. Vipimo vya wiki nzima vimeharibika. Nimemwachia zamu zilizobaki.

Pindo nimelirudishia. Mpira sijaukata, na fundi yeyote asiuguse.

Nafika Jumamosi ya pili ya Juni, mchana. Andaa sahani mbili, na viti viwili.

Mwanao