Mbawa za Amerikani

Jumatatu, 3 Juni 1912
Nimeshona mchana kutwa. Bawa la kushoto limekwisha. Kitambaa cha amerikani tupu, tabaka mbili, limepakwa uji wa muhogo ili upepo usipenye. Sindano mbili zimevunjika. Mzungu wa shamba la mpira alikuja, akaivuta mishono kwa mikono yake, akaguna. Hajui kusifu mtu huyu.

Jumatano, 5 Juni
Mianzi imeletwa kutoka mlimani, tumeifunga kwa kamba. Chombo cha kurukia sasa kinaonekana. Mbawa tu, hakina mashine. Mtu anajishikiza katikati, anakimbia mteremkoni, upepo unambeba. Mzungu anasema kwao alikuwapo mmoja aliyeanza mambo haya, akaruka mara nyingi kutoka vilimani. Nikauliza yuko wapi sasa. Alianguka, akafa. Alisema hivyo huku anakunywa kahawa yake.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetoka msikitini nikakuta habari. Mzungu ni mnene, mbawa hazimwezi. Anamtaka Kibwana, mpwa wangu, mpagazi wake, kwa kuwa ni mwembamba na mwepesi wa miguu. Amekwisha kumpa baba yake mbuzi wawili, akadhani mambo yamekwisha. Mjinga. Miaka yote hii anakaa na Waluguru, hajui kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama? Shemeji atakula mbuzi wake, lakini neno ni la mjomba. Mjomba ni mimi.

Jioni Kibwana akaja mwenyewe. “Shikamoo mjomba. Nangoja neno lako.” Mtu mzima, ana mke na watoto, lakini alishindwa kutulia kwenye kigoda. Nikamwambia aende akalale.

Jumamosi, 8 Juni
Sijala. Najiambia kwamba nikikataa Kibwana atafukuzwa kazi. Uongo. Kazi za upagazi zimejaa Morogoro. Ukweli ni kwamba nataka kuziona mbawa zikiruka. Nimezishona mimi. Nina hasira na nafsi yangu. Dada yuko Kinole, hajui lolote kuhusu mwanawe. Ningeweza kumtuma mtu. Sikumtuma.

Jumapili, 9 Juni
Nimemruhusu.

Jumanne, 11 Juni
Naandika ovyo. Kibwana alikimbia, miguu ikaacha nyasi. Aliruka! Akapita juu ya vichwa vya wapagazi, akapita juu ya shamba la mtama. Alikuwa anacheka, sote tulimsikia. Mimi nilipiga kelele kama mwendawazimu. Ndipo upepo ukashuka ghafla kutoka korongoni, bawa moja likainuka, chombo kikapinduka.

Mguu umevunjika juu ya goti. Mzungu alikimbilia mbawa kwanza. Namchukia. Tulipokuwa tunamfunga banzi, Kibwana aliuliza jambo moja tu, amefika wapi. Nikamwonyesha.

Ijumaa, 14 Juni
Dada ameshuka kutoka Kinole kwa miguu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza kama nilitoa ruhusa, nikasema ndiyo. “Nilijua,” akasema. “Mwanangu asingepanda kule bila neno lako.” Kisha akaomba maji ya kunawa.

Mzungu ameagiza nishone mbawa upya. Kibwana kasikia. Anasema mguu ukiunga ataruka tena, safari hii ataanzia juu zaidi. Anaongea hayo na kila anayekuja kumpa pole. Dada anasikiliza. Ananitazama mimi.

Jumapili, 16 Juni
Baridi. Mlima umefunikwa na mawingu tangu alfajiri.

Nimempelekea Kibwana uji, nikaketi kitandani pake. Dada alikuwa mlangoni anachambua mboga. Nikamwambia Kibwana kwamba hataruka tena, maadamu mimi ni mjomba wake na ni hai. Nilidhani atabisha. Nilitaka abishe.

“Ndiyo, mjomba,” akasema. Akageukia ukutani, akalia.

Dada aliendelea na mboga zake. Mimi nilikaa pale na bakuli la uji mkononi mpaka ukapoa.