Jiko la Mama Kerubo na Siku Ardhi Ilipotikisika

Kebirigo,
Mwezi wa nane

Mke wangu mpendwa, Mama Awino,

Wewe ndiye wa kwanza kusalimiwa, kisha watoto, kisha mama, na wengine watangoja mwisho wa barua. Hujambo? Awino ameacha kukohoa? Na huyu mdogo, bado anakataa kulala mpaka abebwe? Mama goti lake likoje tangu mvua ianze? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku imenizoea kabla mimi sijaizoea. Asubuhi ukungu unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa, na watoto hukaa wamebanana ili wapate joto.

Najua mama atalalamika tena kwamba barua imekuja kwa Kiswahili na si Kijaluo, mpaka umtafsirie. Mwambie hivi ndivyo nilivyokuposa, kwenye nyumba za reli kule Nakuru, na sijajifunza kukuandikia kwa lugha nyingine.

Uliniuliza katika barua zako mbili kama uje na watoto shule zikifungwa, nami sikujibu. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Sikunyamaza kwa kukusahau. Nilikuwa sijui kama nitakuwa na kazi, wala nyumba ya kukupokea. Sasa najua, kwa hiyo keti, mpe mtoto nyonyo, nikueleze yote.

Mambo yalianza darasani. Katika kitabu cha jiografia kuna sura inayoeleza jinsi dunia ilivyopata kuwa. Niliisoma mara nyingi kabla ya kuifundisha, kwa sababu mimi mwenyewe ilinipa kizunguzungu. Nikaona maneno matupu hayatafika. Saa ya uji nikawakusanya watoto wa darasa la tatu karibu na sufuria, uji wa wimbi ukiwa bado unatokota. Nikawaambia hapo mwanzo hapakuwa na mlima wala mto, palikuwa na vumbi na moshi wa moto uliotanda angani, ukizunguka polepole. Vumbi likavutana, likakusanyika, na kadiri lilivyojikusanya ndivyo lilivyozunguka kwa kasi na kupata joto, mpaka likawa tufe la mawe yaliyoyeyuka. Kilichokuwa kizito, chuma, kikazama katikati. Kilichokuwa chepesi kikaelea juu. Tukaipua sufuria, tukangoja. Uji ulipoanza kupoa ukafanya utando juu, nikawaonyesha: hapa ndipo tunapokaa sisi, na ng'ombe wetu, na kanisa. Walipomaliza kunywa wakakuta chini mchanga wa jiwe la kusagia, kama kawaida ya wimbi. Wakacheka, wakasema, "Mwalimu, hiki ndicho chuma."

Msichana mmoja, Kerubo, akauliza, "Mwalimu, nani alikoroga mara ya kwanza?"

Nikamwambia, "Mungu. Kitabu kinaeleza uji tu, hakimwelezi mpishi."

Nikawaambia pia kwamba mzunguko ule wa kwanza haujaisha. Hakuna kitu huko angani cha kuuzuia, kwa hiyo dunia bado inajizungusha, na ndiyo maana kuna usiku na mchana, na huku inajizungusha inalizunguka jua. Walirudi nyumbani wakizunguka njiani mpaka wanaanguka. Nilifurahi sana siku ile.

Haukupita muda mrefu ardhi ikatikisika.

Ilikuwa mchana, nikiwa naandika ubaoni. Kwanza nilisikia ngurumo, nikadhani ni lori linapanda kutoka sokoni. Kisha chaki ikateleza, ubao ukagonga ukuta, na sakafu ikasogea chini ya miguu yangu, Mama Awino, kama ubao wa meli pale Kendu inapogusa gati. Watoto wakapiga mayowe, tukatoka mbio. Haikuchukua muda wa kusema Baba Yetu. Tulipotulia, miti ilikuwa imesimama, shule imesimama, kanisa limepata ufa mdogo tu. Nyumba moja peke yake ndiyo iliyoanguka kijijini, nayo ni jiko la Mama Kerubo. Ukuta ulimwangukia binti yake, yuleyule aliyeniuliza nani alikoroga, ambaye siku ile alikuwa amebaki nyumbani kumsaidia mama yake kupura wimbi. Mkono wake ukavunjika. Mtaalamu wa mifupa wa hapa aliufunga kwa fito, na sasa unaunga vizuri.

Nikueleze huyu mama ni nani. Ni mjane. Mumewe alikufa akiwa askari wakati wa vita. Ndugu wa mumewe, jina lake Ombati, alitaka kumrithi, naye akakataa. Alisema atawalea wasichana wake wawili peke yake na atawasomesha. Watu hawakulipenda jambo hilo, lakini walinyamaza. Jiko lilipoanguka, hawakunyamaza tena. Ombati alisimama sokoni akasema ardhi haikosei nyumba, kwamba marehemu amekasirika kwa kuwa mkewe amekataa ukoo.

Wengine walinitazama mimi. Walisema mwalimu huyu Mjaluo amewafundisha watoto kwamba chini kuna moto na kwamba dunia inazunguka, na juma halijaisha ardhi imetikisika. Ameita jambo, limekuja. Asubuhi moja nikaingia darasani nikakuta madawati ni matupu, wako watoto wachache tu wa jirani na shule.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Nyakundi, ana duka la chumvi na nguo pale sokoni. Ni mtu wa haki, lakini hapendi kelele. Alikuja kwangu akakaa, akakataa chai.

"Mwalimu," akasema, "hii maneno ya dunia kuzunguka imeleta shida. Wazazi wanataka niandikie misheni wakutoe. Wewe unaweza kuonyesha watu kwa macho yao kama inazunguka?"

Nikasema naweza. Nilikuwa nimesoma kwamba jiwe likining'inizwa kwa kamba ndefu na kubembea, mstari wake hugeuka kidogo kidogo kadiri dunia inavyogeuka chini yake. Nikamwomba kanisa. Nikafunga jiwe kwenye boriti ya juu, nikachora mstari wa majivu sakafuni, na watu wakaja wakajaa mpaka mlangoni. Nikaliachia jiwe.

Likabembea juu ya mstari. Tukangoja. Likipungua kasi nalivuta tena, naliachia. Jua likapanda. Jiwe halikutoka kwenye majivu hata unene wa ukucha. Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakaanza kuondoka mmojammoja kwa adabu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama wangenizomea. Ombati alipita karibu yangu akasema, "Dunia yako imechoka leo, mwalimu." Nilibaki nikikunja kamba. Siku zile ndizo ambazo sikukuandikia. Ningekuambia nini? Njoo, uje kutazama mumeo akifungasha?

Kwa kuwa sikuwa na watoto wa kufundisha, nilikwenda kumsaidia Mama Kerubo kujenga jiko. Hakuna aliyekuwa amemsaidia. Nilimkuta anakanyaga udongo peke yake, nami nikakunja suruali nikaingia. Wasichana walileta maji, Kerubo kwa mkono mmoja. Huku watoto humwita mama yao "baba", nami kila mara nikisikia "baba, maji haya" hugeuka kutafuta mwanamume. Hilo ndilo lililomchekesha Mama Kerubo kwanza, na baada ya kucheka akaniuliza.

"Mwalimu, hiyo ardhi itatikisika tena?"

"Inaweza," nikasema. "Lini, sijui. Hakuna anayejua."

"Na ilitikisika kwa nini?"

Nikamweleza kwa kumwonyesha udongo uleule tuliokuwa tunakanyaga. Nikamwambia dunia ilipoa juu lakini ndani haijapoa, na ganda lake lina nyufa, na nyufa nyingine ni kubwa mno. Nikamweleza lile bonde la Nakuru ulikokulia wewe, kwamba ni mahali ambapo nchi ilipasuka na kushuka. Ganda linapojisogeza huko, hata sisi wa mbali tunatikiswa. Nikamwambia kwamba mke wangu akiwa msichana alipanda mlima wa Menengai na baba yake, akaona mvuke unatoka mchangani bila moto wowote, akaweka mkono akautoa haraka.

Aliacha kukanyaga. "Mke wako aliona kwa macho yake?"

"Kwa macho yake. Na mkono ukamchoma."

"Huko Nakuru walikosa nini, hata ardhi ikapasuka?"

"Hawakukosa kitu. Ilipasuka kabla hajazaliwa mtu yeyote."

Akatazama jiko, zile nguzo za zamani zilizobaki zimelala. Nikamwonyesha nguzo moja, jinsi mchwa walivyoila kwa chini ikabaki ganda tupu. Jiko lile lilijengwa na mumewe kabla ya kwenda vitani na halikuwa limetengenezwa tangu hapo. Alikaa chini palepale kwenye udongo, akajifunika uso kwa kitambaa, akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe," nikasema.

"Nililala nikiuliza Mungu kama mtoto wangu amevunjika kwa sababu yangu."

Nilirudia tu, si wewe, kisha nikaenda kuleta maji mengine ili alie bila kutazamwa.

Ni jioni ile, nikinawa udongo, nilipopata jibu la jiwe langu. Kulikuwa na kibuyu cha maziwa pale uwanjani. Nilikizungusha nikamwona sisimizi aliyekaa juu kabisa, shingoni: alikuwa anageuka palepale alipo. Mwenzake aliyekuwa tumboni mwa kibuyu hakugeuka namna hiyo, alibebwa tu mbele. Mama Awino, sisi tunakaa tumboni mwa dunia, katikati kabisa. Jiwe lile lingegeuka kwa watu wanaokaa karibu na shingo, kule kwenye barafu. Hapa kwetu haligeuki, au linageuka kidogo mno kuonekana. Nilicheka peke yangu mpaka wasichana wakaja kutazama.

Kamati ilipokutana, wazazi walijaa. Nilikwenda na kibuyu. Nikasema, niliwaahidi jambo nisilolijua vizuri, na kosa hilo ni langu, si la dunia. Nikaweka sisimizi wawili juu yake, mmoja shingoni na mmoja tumboni, nikawaonyesha. Bwana Nyakundi alikizungusha kibuyu mwenyewe, akakitazama juu, akakitazama tumboni, akasema, "Kwa hivyo ushahidi iko Ulaya." Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza sikuona ubaya wa kuchekwa.

Ombati akasimama. Akasema maneno ya vibuyu hayamhusu, yeye anauliza kwa nini jiko la yule mwanamke pekee ndilo lililoanguka. Kabla sijafungua mdomo, Mama Kerubo alisimama kule nyuma walikokaa akina mama. Alikuwa amebeba ile nguzo iliyoliwa. Akaiweka mbele ya meza ya kamati, akaikanyaga, ikavunjika kama muhogo mkavu.

"Mchwa," akasema. "Shemeji, wewe ulipita hapo kwangu kila siku. Nguzo iliinama, uliona. Ukinitaka kwa ajili ya ukoo, kwa nini hukuniletea nguzo?"

Hakuna aliyecheka. Ombati alivaa kofia yake akatoka. Bwana Nyakundi alisema mkutano umekwisha, na kwamba hatamwandikia mtu yeyote misheni. Siku iliyofuata Mama Kerubo aliwaleta wasichana wake wote wawili mpaka mlangoni mwa darasa, mbele ya macho ya watu. Baada ya hapo wengine walirudi kidogo kidogo. Si wote. Kuna baba mmoja amewahamishia wanawe kule Nyansiongo, na Ombati hanijibu salamu mpaka leo. Na siku nyingine watoto darasani wakisikia lori huchungulia sakafu kwanza.

Sasa jibu la swali lako: njoo. Shule zikifungwa, panda meli ya Kisumu mpaka Kendu, nitakuja kukupokea hapo, tupande lori la Kisii pamoja. Leta mablanketi yote mawili na lile koti la kaka yako. Usiogope kutikisika. Nyumba yetu nimeikagua nguzo moja moja.

Nisalimie mama, umwambie simsahau. Msalimie mjomba anayeuza nyavu, shemeji fundi cherehani, na katekista wetu. Huyu mwambie bado naomba kabla ya kula. Wabusu watoto.

Nakwambia na hili la mwisho. Mama Kerubo ananiuliza kila akiniona kama barua yako imefika, na wewe utafika lini. Anasema mimi amenisikia inatosha. Anataka kukaa na wewe jikoni kwake, ushike mkono wake, umwonyeshe ni wapi ule mvuke ulikuchoma.

Ni mimi mumeo, ninayekupenda,

Zakaria