Mchuzi wa Mama na Makoti ya Watu

Jumatatu, 8 Januari
Leo tena Mama kala vijiko viwili, kasukuma sahani. Tangu aje kukaa nami huku ughaibuni baridi hii anapungua tu, lile gauni lake la kijani sasa linamning'inia. Daktari alishasema — akizidi kukonda, analazwa. Mama kasema hatalala kitanda cha hospitali, ng'o. Nikamuuliza kwa upole (upole wa kubana meno): basi unataka kula nini? Akafikiri. Mchuzi wa Kihindi, akasema. Ule mzito wa kuku, kama wa yule jirani yetu wa zamani tulipokaa ghorofa moja. Vyakula vya huku havina ladha.
Haya! Giza saa kumi jioni, baridi ya kukata masikio, nami nitafute mchuzi.

Jumatano, 10 Januari
Shemeji, mume wa dada yangu, tunamwita Mjuaji, maana hakuna asilolijua. Kanielekeza mkahawa wa karibu na stesheni. Eti ndio kiboko. Nimetoka kazini, nimetembea juu ya barafu kama bata, nimepanga foleni nje. Mchuzi wenyewe — rangi ya machungwa, sukari tupu! Uji wa mtoto. Mama kaonja: hauna ladha. Kwa mara ya kwanza mwezi huu tumekubaliana.

Ijumaa, 12 Januari
Mkahawa wa pili, wa Mjuaji tena. Sikomi mimi! Mapambo tele, tembo wa shaba mlangoni, halafu jikoni wanapasha moto vya kopo. Mama: hauna ladha. Nikaurudisha. Ndiyo — nilivaa koti upya, viatu upya, nikaurudisha, nikamwambia meneja mama yangu mgonjwa hawezi kula gundi. Kanitazama kama mwendawazimu.
Narudi nyumbani, moshi mpaka ngazini. Mama kakaa jikoni kando ya jiko, anafuma sweta, wali umeungua umeshikana na sufuria. Nikamuuliza hakusikia harufu? Eti alikuwa anahesabu mishono. Nimesugua sufuria mpaka kucha zimekatika.

Jumanne, 16 Januari
Kazi ya udobi majira haya ni makoti, makoti, makoti. Kila koti nalinusa kabla halijaingia mashineni — moshi, marashi, mafuta ya gari — ndipo nijue nitie dawa gani. Leo limekuja la kijivu, la dereva wa basi. Lo! Uzile, ile bizari nyembamba, uliokaangwa, kitunguu cha kahawia, tangawizi, iliki kwa mbali. Nikalinusa tena. Na tena. Bosi kanikuta nimezamisha uso wote ndani ya koti la mwanamume nisiyemjua. Nikajifanya natafuta doa.

Alhamisi, 18 Januari
Dereva kaja kuchukua koti. Nikamwambia lilikuwa linanukia vizuri mno, nimelifua kwa masikitiko, alikula wapi? Akadhani namkejeli. Kwamba ananuka! Kapaza sauti mbele ya wateja. Bosi kamwomba radhi yeye, mimi kanipa onyo — mara nyingine kama hii, nitafute kazi kwingine. Nikamfuata dereva nje bila koti, mimi dobi wa makoti, meno yanagongana, nikamweleza habari za Mama. Akapoa. Kumbe alikokula ni chumba nyuma ya gereji ya mabasi. Meza nne, kibao hakuna, mpishi ni mama wa Kihindi anayewapikia madereva. Nikampigia Mjuaji kumwambia. Ah, hapo anapajua siku nyingi! Nusura nitupe simu dirishani.

Jumapili, 21 Januari
Nimempeleka Mama kwa teksi, kafunikwa shali juu ya shali. Chumba kina joto, madirisha yamejaa ukungu. Mchuzi ukaja. Nikaonja mimi kwanza — jamani! Ndio wenyewe. Nilikaa na kijiko mdomoni, naona kabisa ngazi za ile nyumba yetu ya zamani. Nikamsogezea Mama.
Kaonja. Katafuna. "Hauna ladha."
Uvumilivu ukanishinda. Nikamfokea mbele za watu, mama yangu mzazi! Kwamba ananitesa kusudi, nimezunguka mji mzima, kazi nusura niipoteze, sasa anataka nini, nipike mwezi? Madereva wakainamia sahani zao. Mpishi akatoka jikoni, akamwekea Mama kisahani cha pilipili mbichi. Mama kachukua moja, kaitafuna yote kama tango. Machozi yakamtiririka, uso haukukunjamana hata kidogo.
"Unasikia nini, mama?" mpishi akamuuliza.
"Inawasha."
"Na ladha?"
Mama akanitazama mimi, si mpishi. "Sisikii. Wala harufu. Tangu yale mafua ya mwanzo wa baridi. Nilidhani ni vyakula vya huku."
Nami nilidhani hivyo hivyo! Wiki zote hizi nagombana na wapishi wa watu. Nikaona aibu mpaka miguuni. Nikasema kesho twende tukamwambie daktari. Ng'o, akasema, atamlaza. Tukabishana mpaka mchuzi ukaanza kupoa. Kisha akaweka kijiko changu mkononi mwangu, akashika chake.
"Wewe si umeonja? Niambie basi. Ukoje?"
Nikaanza, kwa hasira bado. Nikasema uzile unatangulia, unagusa ulimi nyuma. Akala. Nikasema kitunguu, kimekaangwa mpaka kimekuwa kitamu chenyewe. Akala tena. Nikinyamaza naye anasita, kijiko hewani, ananingoja. Hajawahi kula hivyo tangu aje! Lakini mimi si msemaji, maneno yaliniisha kwenye iliki, sahani ikiwa nusu. Mpishi akatufungia uliobaki.
Sasa tuko nyumbani. La daktari hajakubali. Keshaupasha moto mchuzi, keshapakua, ananiita jikoni. Nimemjibu naja, naandika. Anauliza — baada ya iliki, kunafuata nini?