Kijana Aliyefutika kwenye Mtungi wa Kigiriki

Jumanne, Kilburn. Rasharasha tangu alfajiri, na mimi sina raha.

Naandika mapema kuliko kawaida yangu, hata Maghrib haijaingia. Nataka kuyaweka haya hapa kabla sijaanza kujiambia kuwa hayakutokea.

Mnaonisoma mnaujua ugonjwa wangu. Siku nisiyo na zamu kule nyumba ya wazee, mimi huyo, makumbusho, chumba cha Wagiriki wa kale. Wenzangu wa kazini hunicheka. Wananiuliza mtu mzima wa Kizanzibari anafuata nini kwa masanamu yasiyo na pua. Siwezi kuwaeleza. Napenda utulivu wa mle ndani. Napenda namna mchoraji aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita alivyovuta mstari mmoja tu wa brashi, ukawa shingo ya msichana.

Leo nilikwenda na Mama.

Mama ana miaka sabini na kitu, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anangoja kupasuliwa. Mimi mwenyewe ananijua kwa sauti na kwa hatua zangu. Kusema kweli sikumpeleka akatazame chochote. Mashine ya kupasha nyumba joto imeharibika, na kule makumbusho kuna joto zuri.

Nikamshika mkono nikawa namsimulia. Huyu farasi. Huyu mwanamke anajitazama kwenye kioo. Akawa anaitikia "ehe, ehe," kama anavyoitikia taarifa ya habari.

Tukafika kwenye kabati la mitungi myeupe. Ni mitungi myembamba, kimo chake kama kutoka kiwiko hadi vidoleni. Wagiriki walikuwa wakiitia mafuta na kuipeleka makaburini kwa watu wao. Kuna mmoja ninaoupenda kuliko yote. Kachorwa msichana amebeba kikapu, macho yake chini, yuko peke yake mbele ya ngazi za kaburi. Nimeutazama mara nyingi mno, nikidhani naujua.

Mama akauchomoa mkono wake katika wangu.

"Na huyu mwanamme, mbona kakaa hapa?"

"Hapana mwanamme, Mama. Ni msichana tu na kikapu chake."

"Kakaa kwenye ngazi. Mkono kauweka gotini, kichwa kakiinamisha." Alisema polepole, uso wake unakaribia kugusa kioo. "Na yule msichana anampita. Hamsalimu."



Nikainama. Mwanzo sikuona kitu. Kisha nikasogea pembeni, taa ikaupiga mtungi ubavuni, na nikauona mstari wa goti, mwembamba kama unywele. Halafu bega. Halafu ukingo wa paji la uso. Nikasoma maelezo ya kandoni, ambayo siku zote huwa siyamalizi. Yalisema kuwa marehemu amechorwa ameketi kwenye kaburi lake mwenyewe, na kuwa rangi yake imebanduka karibu yote.

Mama hasomi Kiingereza. Na kwa macho yale, haoni hata namba ya basi.

Nikamkalisha kwenye benchi. Hapo hapo, watalii wakitupita na makoti yao ya mvua, akanieleza jambo ambalo sijapata kulisikia maishani mwangu.

Kaka yake, mjomba Nassor, alichukuliwa nyumbani Unguja wiki chache baada ya Mapinduzi. Hilo nililijua. Nilijua pia kuwa hakurudi, na kuwa Bibi, mama yao, hakukubali kabisa asomewe hitima, kwa sababu hakuna aliyeiona maiti. Nisilolijua ni kuwa Mama, binti wa miaka kumi na sita, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula kwenye lango la gereza. Kila siku askari alipokea bakuli na kumrudishia la jana, tupu. Siku moja akarudishiwa lile lile alilokuja nalo.

Akarudi nyumbani na kikapu kizito. Nassor alikuwa amekaa barazani, nje ya mlango. Mkono gotini, kichwa kakiinamisha.

"Nilidhani wamemwachia," Mama aliniambia. "Nikampita mbio, hata salamu sikumpa, naenda kumwita mamaangu. Tulipotoka, baraza tupu. Nikajua."

Hakumwambia mtu alichokijua. Bibi alimwambia jua limempiga kichwani, naye akasema ndiyo, ni jua. Bibi akaishi miaka ishirini zaidi, kila adhuhuri akimwekea mwanawe sahani, na Mama akitazama.

"Ningesema, angelia akapumzika," akaniambia. "Mimi ndiye niliyemnyima mamaangu kilio chake."

Nafanya kazi na wazee. Nimefundishwa la kumwambia mfiwa. Leo nilimrekebishia mtandio tu.

Kisha akainuka mwenyewe, bila ya mkono wangu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kabati.

"Assalaam alaykum, Nassor," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeingia sebuleni. Mlinzi wa chumba akageuza kichwa. Mama akabaki amesimama kidogo, sikio kalitega. Akaitikia kwa kichwa, kama aliyejibiwa.

Sikumuuliza. Niliogopa.

Ndani ya basi akasema anataka kaka yake asomewe hitima Ijumaa hii, kule kule Unguja.

Tulipofika nikampigia simu mama mdogo, Bi Zuwena, mdogo wake Mama aliyebaki Unguja. Wakati wa Mapinduzi alikuwa mtoto wa miaka saba. Nikamwambia tu kuwa Mama anaomba isomwe hitima ya mjomba Nassor, kwa kuwa sasa ana yakini amekufa. Mtungi sikuutaja. Baraza sikuitaja.



"Kwani na yeye alimwona?" Bi Zuwena akauliza.

Miaka yote hii wamekuwa wakipigiana simu kila Jumapili, wakizungumza mvua na harusi za watu.

Sasa namsikia Mama jikoni, anakosha vikombe. Nitamwambiaje kuwa hakuwa peke yake? Na nikishamwambia, nitakuwa nimempunguzia mzigo, au nimemwongezea?