Kinyonga Amegoma Kubahatisha

Jumatatu, 3 Machi

Programu yetu ya kuwaonyesha madaktari damu iko hospitali gani imekufa tena! Benki ya damu wamebadilisha huduma yao ya mtandaoni bila hata kubisha hodi. Jana sehemu ya kundi la damu waliiita "kundi", leo "aina_ya_damu" — basi programu yetu ikaduwaa. Madaktari wakabaki kupiga simu hospitali hadi hospitali, kuuliza nani ana damu. Nikarekebisha kwa mkono, kama kawaida.

Dada yangu, nesi wa wodi ya wazazi, kanipigia simu kufoka. Eti mzazi anavuja damu, na sisi tunawaonyesha manesi skrini nyeupe! Mama yule kapona. Si kwa msaada wangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamua. Naunda programu msaidizi, naiita Kinyonga — asome maelezo mapya ya huduma, ayalinganishe na ya zamani, kisha aibadilishe programu yetu mwenyewe. Bosi wetu tunamwita Subiri, maana ndilo neno lake. Kasema tusubiri. Nikamwambia wagonjwa hawasubiri. Akakuna kidevu. Nimehesabu hiyo ni ndiyo!

Alhamisi, 27 Machi

Wamebadilisha tena! Anwani mpya, majina mapya, kila kitu. Nilikuwa kantini, kikombe mdomoni. Nikapanda ngazi mbio — programu inapumua! Kinyonga alishaona, akajaribu kwanza pembeni, majibu yakalingana, akabadilika. Madaktari hawana habari! Subiri akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma, akasoma tena.

"Haya bibie, umenifunga mdomo."

Nimecheka hadi machozi. Dada naye kapiga — eti leo hana la kufoka, ananisalimia tu.

Jumatano, 2 Aprili

Mabadiliko mengine. Damu chanya na hasi sasa zinaandikwa 1 na 2, bila maelezo. Kinyonga kabadili yote kasoro hilo. Kagoma! Kaandika: sina hakika, muulize mtu. Sehemu hiyo kaifunga, anawaambia madaktari wapige simu.

Subiri, leo ndiye mwenye haraka! 1 si ndiyo chanya, kasema, tuweke twende. Nikakataa. Damu haibahatishwi.

Nikapigia benki ya damu. Fundi wao kaenda kuuliza, karudi: 1 ni hasi. Vipi, na nyie mmeweka chanya? Hatujaweka, nikamjibu. Akashusha pumzi. Programu za hospitali nyingine karibu zote zimeweka chanya, kasema, tangu asubuhi! Sasa anauliza huyo Kinyonga ni nani, aongee naye. Subiri ananivuta mkono wa blauzi, anataka simu — simpi! Nyuma ya fundi nasikia watu wanakimbia, wanapiga kelele hospitali zionywe, simu nyingi zinalia —