Kwa Festo, Aliyeugeuza Msiba wa Baba Yake Kuwa Gemu

Mwanangu Festo,

Simu zangu hupokei tangu wiki iliyopita, kwa hiyo naandika hapa, chini ya gemu lako, mahali ambapo watu wako wanasoma. Gemu lako liko hadharani. Na barua yangu iwe hadharani.

Nimelicheza lote. Binti yangu Neema aliliweka kwenye simu yangu akasema, "Baba, hili katengeneza Festo. Utacheka ufe." Nilikaa kibarazani hapa Iyunga siku tatu, malori yakipita mbele yangu, nikacheka kweli. Yule mwenyekiti wa kamati ya msiba anayeunda kamati ndogo ya kuchunguza kwa nini chai imechelewa, nilimjua kabla hajamaliza sentensi. Yule mgombea anayekuja na kiti chake na mpiga picha wake, kisha akamkumbatia kwa uchungu mwanamke ambaye si mjane. Yule shangazi ambaye kilio chake kinapanda kadiri sufuria la wali linavyokaribia. Nimesoma kejeli nyingi maishani, na waandishi wachache wana jicho kama lako. Nayasema haya kwanza ili ujue kwamba hasira yangu haitokani na kutoelewa.

Lakini mchezo wenyewe ni mbovu, Festo. Mchezaji ni mfiwa, na anatumwa kuni. Akirudi anatumwa maji. Akirudi anatumwa kuni tena. Kupambana na mshereheshaji wa msiba asiyetaka kuachia kipaza sauti ni kubonyeza palepale mpaka kidole gumba kinauma. Mchezaji anapewa majibu matatu achague moja, na yote matatu yanaleta maneno yaleyale. Watu wamekuandikia kulalamika, nawe ukawajibu kwamba hiyo ndiyo kejeli yenyewe: msibani mfiwa hana uamuzi wowote.

Jibu hilo nililisoma mara mbili, nikaiweka simu chini.

Ulipokuwa darasa la nne ulikuja kwangu likizo, tukachora nchi nzima ya kubuni kwenye daftari la hesabu. Mimi nilikuwa mtoza ushuru mwenye kitambi, wewe ulikuwa msimulizi. "Baba mkubwa, umefika mtoni, daraja limevunjika. Unafanya nini?" Nikisema naogelea, ulinizamisha bila huruma. Nikisema narudi nyuma, ulinipa simba njiani. Siku moja nikasema sifanyi kitu, nakaa hapohapo namsubiri mwenzangu. Uliuma penseli muda mrefu, kisha ukasema, "Haya. Amekuja. Ana kamba." Ulikuwa mtoto, na ulishajua kwamba mtu akichagua lazima kitu kitokee. Usiwaambie watu kwamba mfiwa hakuweza kuchagua.

Sasa tuizungumzie hatua ya mwisho, ya makaburini. Jeneza limewekwa kando ya kaburi, na mtani anaingia. Nilipoisikia sauti nikasimama. Haikuwa ya mwigizaji. Ilikuwa ya Mzee Yohana, mtani wetu Mgogo, aliyerekodiwa Nyololo siku ya kumzika mdogo wangu, baba yako.

"Mhehe mzima amelala tangu asubuhi hajagombana na mtu! Sasa nimeamini amekufa."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Wasomaji wako wa mjini huenda hawajui kwamba kwetu mtani ana haki ya kumtukana marehemu mbele ya wanawe, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ana haki hata ya kushuka kaburini akakaa humo, akagoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Mchungaji atasubiri. Mwenyekiti atasubiri. Mtani akiketi kaburini, hakuna mazishi.

Kisha, katikati ya maneno yake, simu ikanguruma karibu kabisa na kinasa sauti. Ikanyamaza. Ikanguruma tena. Mzee Yohana akasema, "Pokea simu, kijana! Labda ni marehemu, anauliza mna haraka ya nini." Watu wakaangua kicheko. Simu ikanguruma mara ya tatu, ikakatika.

Ukayaacha yote yalivyo, kwa sababu ni kichekesho kizuri. Ni kizuri kweli.

Ni mimi niliyekuwa napiga, Festo. Mara tatu, kutoka Makambako. Niliondoka hapa alfajiri, lori likapinduka mbele yetu likafunga barabara, tukakaa tunaangalia mabati yaliyomwagika mpaka mchana. Tulipofika Makambako nilikupigia wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa na namba za watu wote. Nilitaka kusema maneno mawili tu: nimekaribia, nisubirini. Nilipofika Nyololo, maua yalikuwa yameshapangwa juu ya tuta na watu wakinawa mikono kwenda kula. Ulinikimbilia ukanikumbatia. "Simu ilizima, chaji iliisha, baba mkubwa. Tungejua uko njiani tungesubiri." Na Mzee Yohana akanishika mkono akasema, "Ningejua umefika Makambako, ningeshuka mule nikalala chali. Nani angenitoa?" Nilidhani ananifariji. Sasa najua alikuwa anasema jambo ambalo angelifanya.

Niliondoka Nyololo kijana, nikaja huku Mbeya kufanya kazi ya reli. Mdogo wangu ndiye aliyebaki, akawazika baba na mama, kila mara akinisubiri nifike ndipo udongo urushwe. Yeye, mimi sikumrushia.

Kwenye gemu lako yanatokea machaguo matatu: Msubiri kaka mkubwa wa marehemu. Mwulize mwenyekiti. Zika. Nimelibonyeza la kwanza mara kumi na moja. Kila mara udongo unaanguka, na chini yanatokea maandishi: "Kaka mkubwa alichelewa, kama ilivyo kawaida ya watu wa Mbeya." Watu wamekicheka sana kichekesho hicho, nimeona. Uliweza kuandika mistari mitatu, na ukahakikisha hakuna hata mmoja unaofanya kazi. Hayo siyaiti ubovu wa fundi. Ulitaka dunia nzima ibonyeze na wewe, ione kwamba hapakuwa na la kufanya.

Palikuwa na la kufanya. Palikuwa na mzee mmoja tayari kulala chali kaburini, na kijana mmoja mwenye simu mkononi.

Najua kwa nini uliikata simu yangu. Ulikuwa unamzika baba yako, na vile vichekesho ndivyo vitu vya mwisho ambavyo mtu angesema juu yake mbele yake; ulikuwa unavirekodi kwa simu hiyohiyo, ukaogopa kwamba ukipokea kurekodi kungekatika. Hilo ningelielewa siku ileile, kama ungelisema. Ulichonipa badala yake ni uongo kuhusu chaji, kisha ukaniweka kwenye gemu kama mzee mchelewaji.

Sitaki uliondoe gemu. Sitaki uifute hata ile sauti. Nataka chaguo la kwanza lifanye kazi: mchezaji akilibonyeza, Mzee Yohana ashuke kaburini, akae, na watu wote wasubiri, hata kama kusubiri kunachosha. Na kabla ya hapo nataka uje Iyunga, ukae mbele yangu, useme, "Niliona jina lako." Siku hiyohiyo tutapanda basi kwenda Nyololo. Nina udongo wa kurusha, na sitaki kuurusha nikiwa na hasira na mtoto wa mdogo wangu.

Ni mimi uliyeniambia simu ilizima,

Baba yako mkubwa,
Iyunga.